Spageti ya kikaango kimoja kutoka kipindi cha Meghan: mwongozo kamili kwa anayepata uji kila mara

Katika sehemu ya kwanza ya With Love, Meghan, kipindi cha mapishi na kupokea wageni cha Meghan, mke wa Mwanamfalme Harry wa Uingereza, iliyotoka Netflix tarehe 4 Machi 2025, kuna chakula kinachoonekana chepesi mno: spageti mbichi inalazwa kwenye kikaango, nyanya zinatupwa juu, maji ya moto yanamiminwa, mfuniko unawekwa. Baada ya muda mfupi watu wanakula.

Nyumbani hutoka mojawapo ya mambo matatu. Unapata uji, au unapata supu yenye nyuzi ndani, au spageti imegandamana fundo moja, nje laini na ndani ngumu. Mikono yako haina kosa. Televisheni hukata dakika zile hasa ambazo kazi inafanyika, yaani kuanzia dakika ya pili hadi ya tisa. Mwongozo huu unakaa zaidi hapo.

Vipimo vya humu si nakala ya kipindi. Vimepangwa kwa watu 4, jiko la kawaida na kikaango cha sentimita 30.

Vifaa

- Kikaango kipana cha sentimita 30, chenye kina cha sentimita 5 au zaidi, na mfuniko wake. Fimbo ya spageti ina urefu wa karibu sentimita 25, kwa hiyo hapa inalala bila kuvunjwa.
- Birika, au sufuria ya kuchemshia maji.
- Jagi la kupimia maji.
- Mizani ndogo ya jikoni.
- Koleo la jikoni. Likikosekana, uma mbili ndefu.
- Kikunio chenye meno madogo, kwa limau na jibini.
- Saa yenye kengele. Ya simu inatosha.

Usitumie kikaango cha chuma cha kusubu kisicho na enameli, wala cha alumini tupu. Asidi ya nyanya na limau hula chuma na alumini, chakula kikapata ladha ya sarafu mdomoni. Cha chuma cha pua, cha enameli au kisichoshika chakula kinafaa.

Sufuria nyembamba na ndefu ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko. Spageti inasimama, ncha za juu zinabaki kavu huku za chini zikivimba, na maji hayapungui kwa sababu uso wake ni mdogo. Kama huna kikaango kipana, pika kwa njia ya kawaida: chemsha spageti peke yake, uichuje, utengeneze rojo la nyanya pembeni.

Mahitaji (watu 4)

- Spageti kavu ya ngano, gramu 350. Soma pakiti: itafutwe ile inayoandikwa dakika 9 hadi 11.
- Nyanya ndogo za mviringo, gramu 350
- Kitunguu saumu, punje 4
- Mafuta ya zeituni, vijiko vikubwa 4, yagawe nusu kwa nusu
- Limau 1
- Pilipili kavu iliyopondwa, robo kijiko cha chai
- Chumvi laini, kijiko 1 cha chai
- Maji yanayochemka, lita 1, na mililita 250 za akiba
- Mboga za majani, gramu 100 hadi 150: spinachi, au sukuma wiki iliyokatwa nyembamba bila mashina
- Jibini ya Parmesan, gramu 60, uikune mwenyewe

Mambo mawili kabla ya kuendelea.

La kwanza ni chumvi. Spageti ya kawaida huchemshwa kwenye maji ya chumvi nyingi kwa sababu maji hayo yanamwagwa. Hapa hakuna kinachomwagwa. Kila chembe uliyoweka utaila, na jibini italeta yake juu ya hiyo. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ndio mwisho. Utaongeza mezani ukihitaji.

La pili ni jibini. Ile inayouzwa ikiwa imekunwa tayari huchanganywa na unga wa kuzuia isigandamane. Unga huohuo unaizuia kuyeyuka vizuri, ndipo unapoona chembechembe zikielea kwenye mafuta. Nunua kipande.

Spageti nyembamba sana, ya dakika 4 au 5, haifai. Inaiva kabla nyanya hazijatoa maji yake. Isiyo na gluteni nayo iache. Inatoa wanga mwingi, inakatika ukiigeuza, na hakuna kipimo cha maji kinachoiokoa kwa njia hii.

Hatua ya 1: Andaa kila kitu kabla ya kuwasha jiko

Kata nyanya zote katikati. Nyanya nzima hushikilia maji yake hadi ipasuke, na inaweza kupasuka mdomoni mwa mgeni ikiwa ya moto. Menya kitunguu saumu ukikate vipande vyembamba. Usikitwange, kwa kuwa kilichotwangwa hushika chini ya kikaango.

Likune ganda la limau, sehemu ya njano ya juu tu. Ukifika kwenye ngozi nyeupe umepitiliza, hiyo ni chungu na uchungu wake huzidi ukipikwa. Kisha kata limau, ukamue vijiko vikubwa viwili vya maji yake, uweke kando.

Osha mboga, zikaushe. Ikune jibini, uiache ifikie joto la chumba.

Inachukua kama dakika 15. Ukianza kupika huku bado unakata, utashindwa kwenye hatua ya 4, maana hapo huwezi kuondoka jikoni hata kumfungulia mtu mlango.

Hatua ya 2: Chemsha lita 1 na robo ya maji

Maji baridi si haramu, na kuna mapishi ya namna hii yanayoanza nayo. Tatizo ni kwamba jiko moja linachemsha kwa dakika 5 na jingine kwa 12, na muda wote huo spageti inaloweka. Hakuna awezaye kukuambia itaiva lini. Ukianza na maji yanayochemka, saa inakuwa na maana.

Hatua ya 3: Panga kikaango

Mimina vijiko viwili vya mafuta chini, uvisambaze. Laza spageti. Usizilaze fimbo zote zikielekea upande mmoja kama kuni zilizofungwa, kwa sababu zinazolala sambamba ndizo zinazoshikana kuwa mti mmoja. Zitawanye zipishane.

Juu yake weka nyanya, kitunguu saumu, pilipili, chumvi na nusu ya ganda la limau.

Mimina lita 1 ya maji yanayochemka. Spageti nyingi iwe imefunikwa. Zikiwepo fimbo chache zilizochomoza, zikandamize kwa koleo. Washa moto mkali, funika.

Maji yatatulia kidogo baada ya kumiminwa. Saa ianze yanapochemka tena, si ulipomimina.

Hatua ya 4: Dakika 0 hadi 4, kutenganisha

Acha mfuniko kwa dakika 2 tu. Ukiuacha zaidi, povu la wanga litapanda na kumwagikia jiko.

Fungua. Nyuzi sasa zinapinda. Huu ndio wakati wanga wa juu ya spageti unalainika na kuwa gundi, ilhali haujasambaa kwenye maji. Ingiza koleo chini kabisa, inua, tikisa, achia. Zunguka kikaango chote. Rudia kila baada ya sekunde 30 hadi dakika ya 4.

Kukoroga kwa mwiko hakutoshi, kwa sababu mwiko unazungusha fundo bila kulifungua.

Umefanikiwa kama kila uzi unateleza peke yake na hakuna kinachokwaruza chini. Maji yatakuwa yameanza kuwa na ukungu mweupe wenye wekundu wa nyanya.

Hatua ya 5: Dakika 4 hadi 9, maji na moto

Hapa ndipo uji na supu hutengenezwa.

Fahamu hesabu yake. Gramu 350 za spageti kavu hunywa zaidi ya mililita 400 za maji hadi kuiva. Katika lita yako, zaidi ya nusu inabaki. Sehemu ya hiyo inapaswa kuondoka kama mvuke, na inayobaki, ikiwa na wanga, mafuta na maji ya nyanya, ndiyo rojo. Kwa hiyo mfuniko haurudi tena, na moto hauwi mdogo.

Ukipika kwa moto mdogo, mvuke hautoki, spageti inaendelea kunywa na kuvimba, na unapochoka kusubiri maji yapungue imeshakuwa laini. Huo ndio uji. Watu wengi hudhani uji unatokana na maji mengi. Mara nyingi unatokana na moto mdogo. Mfuniko ulioachwa hadi mwisho unaleta matokeo yaleyale.

Moto uwe wa kati kuelekea mkali. Mapovu yachemke kikaango kizima, si katikati pekee. Kama jiko lako linachoma sehemu moja, zungusha kikaango robo duara kila dakika. Geuza spageti kwa koleo mara moja kila dakika.

Angalia alama hizi:

Dakika ya 6: maji yamefika nusu ya kimo cha spageti. Nyanya zimelegea, ngozi zinaanza kujikunja. Ziponde chache kwa mgongo wa koleo.

Dakika ya 8: mapovu yamebadilika. Yalikuwa madogo na mepesi, sasa ni makubwa, mazito, na sauti yake imekuwa nzito. Wanga umekolea.

Maji yakipungua mapema kuliko alama hizi, ongeza ya akiba, robo kikombe (mililita 60) kwa mara moja, nayo yawe ya moto. Ya baridi yanazima mchemko na kurudisha saa nyuma. Ukimimina akiba yote kwa hofu, utapata supu.

Anayeishi mahali pa juu aongeze muda. Maji huchemka kwa joto pungufu la karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo kwenye mita 1,500 yanachemka karibu na nyuzi 95. Spageti ya dakika 9 inaweza kutaka 11, na maji ya akiba utayatumia karibu yote.

Hatua ya 6: Mboga

Sukuma wiki iingie dakika 3 kabla ya mwisho. Spinachi iingie dakika 1 kabla. Zote zitaonekana nyingi kuliko kikaango. Zigeuze na zitanywea. Ukiziweka mwanzoni zitakuwa za kijivu na zitatoa maji ambayo hukuyahesabu.

Hatua ya 7: Onja, usitazame

Toa uzi mmoja, ukate katikati. Ukiona nukta nyeupe yenye upana wa ncha ya sindano, na jino linahisi ukinzani kidogo, zima jiko. Usisubiri nukta ipotee, kwa sababu spageti itaendelea kuiva kwa joto lake wakati unachanganya jibini na kupakua.

Katika dakika hii kikaango kitaonekana kina majimaji mengi kidogo kuliko unavyotaka. Acha hivyo. Jibini itanywa, na spageti itanywa ikiwa mezani.

Hatua ya 8: Jibini nje ya moto, limau mwisho

Ondoa kikaango kwenye jiko, si kuzima tu, hasa kama ni jiko la umeme ambalo sahani yake hubaki moto. Hesabu dakika 1. Jibini ikikutana na mchemko, protini zake hukaza, zikatoa mafuta na kuwa nyuzi za mpira zilizong'ang'ania koleo.

Mimina vijiko viwili vya mafuta vilivyobaki. Nyunyiza theluthi ya jibini, geuza kwa nguvu sekunde 15. Rudia mara mbili. Kugeuza kwa nguvu ndiko kunakofanya mafuta na maji ya wanga yashikane kuwa rojo moja linalong'aa.

Kisha maji ya limau na ganda lililobaki. Onja chumvi sasa, si kabla.

Pitisha koleo chini ya kikaango: mstari ubaki wazi kwa sekunde mbili hivi, halafu rojo liufunike polepole. Rojo lisipoufunika, ongeza vijiko viwili vya maji ya moto. Likiufunika papo hapo, rudisha jikoni sekunde 30 ukigeuza, usizidishe.

Ikienda kombo

*Fundo gumu katikati.* Hukutenganisha kabla ya dakika ya 4. Litoe fundo, likate kwa mkasi, lirudishe na robo kikombe cha maji. Halitapendeza, litalika.

*Imeiva na maji bado mengi.* Itoe spageti kwa koleo uiweke kwenye bakuli, chemsha maji yaliyobaki peke yake kwa moto mkali dakika 2 au 3, kisha irudishe. Kosa ni kuchemsha vyote pamoja.

*Chini pameungua.* Usikwangue. Hamisha ya juu kwenye chombo kingine, ladha ya moshi itabaki kule.

*Chumvi imezidi.* Limau litasaidia kidogo. Jibini usiweke.

*Ni uji.* Hakuna kurudi nyuma.

Watu 2, au watu 8

Kwa watu 2, usigawe maji nusu kwa nusu. Spageti inapungua nusu, lakini kikaango ni kilekile na mvuke unatoka kwa upana wa kikaango. Kwa gramu 175 tumia mililita 650, si 500. Chumvi ndiyo inayogawanywa sawasawa.

Kwa watu 8, vikaango viwili. Gramu 700 kwenye kimoja hazigeuziki, na za katikati zitabaki mbichi.

Kupokea wageni nayo

Kipindi kilirekodiwa Montecito, California, kwenye nyumba ambayo si makazi ya mwenyeji, na nyuma ya kamera kuna kikosi kizima. Wewe uko peke yako, kwa hiyo anza na saa.

Spageti hii ina dakika 5 za uhai kamili baada ya jibini, halafu inaanza kukauka. Mgeni ndiye wa kuisubiri. Usiipike kabla hawajafika ukitegemea kuipasha moto.

Ratiba ya kula saa 1:30 usiku:

- Saa 12:30: kata kila kitu (hatua ya 1). Panga sinia ya mboga mbichi, karoti, tango na pilipili hoho, pamoja na kitu cha kuchovya. Kipindi kinazipenda sinia hizi, na faida yake ni moja: zinampa mgeni kazi ya mdomo wakati wewe uko jikoni.
- Saa 1:00: wageni wanaingia. Wape kinywaji na sinia. Maji yawe kwenye birika tayari, hayajawashwa.
- Saa 1:10: washa birika, pasha sahani kwa maji ya moto. Sahani baridi hugandisha jibini kabla ya tonge la pili.
- Saa 1:15: mimina. Waambie wageni kuwa hutasikia mtu kwa dakika 10, au waite wasimame karibu wakutazame.
- Saa 1:28: kaeni. Peleka kikaango chenyewe mezani, juu ya kitambaa kizito.

Kuhusu maua makavu ya kunyunyiza juu ya chakula, ambayo yamekuwa kama alama ya kipindi: yatumie kwenye keki au matunda, si hapa, maana rojo la moto huyageuza makapi. Nayo yawe maua yaliyouzwa kama chakula. Ya duka la maua ya kupamba huweza kuwa yamepuliziwa dawa, na mengine ya bustanini ni sumu kabisa, oleanda likiwemo.

Ukitaka kufunga kwa keki ya asali na limau ya sehemu ileile ya kipindi, ioke asubuhi, kwa sababu oveni na kikaango hiki haviangaliwi na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mgeni mwenye mtoto chini ya miezi 12 mwambie mapema: asali haipewi mtoto wa umri huo, hata iliyookwa, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu ya botulini zisizokufa kwa joto la oveni ya nyumbani.

Mabaki

Yaingie jokofuni ndani ya saa 2, kwenye chombo kipana yapoe haraka, yaliwe ndani ya siku 3. Kupasha: kijiko kikubwa kimoja cha maji kwa kila sahani, moto mdogo, funika dakika 2, kisha geuza. Rojo halitarudi kung'aa. Njia bora ni kuikaanga kavu kwa mafuta kidogo hadi chini iwe ya kahawia, ukamimina mayai mawili yaliyopigwa juu na kuigeuza kama chapati nene.